Kunawisha, Kulisha, Kulaza: Heshima kwa Watoto Wachanga katika Vituo vya Malezi vya Usambara

Kila yanapozungumzwa masuala ya vituo vya watoto wadogo nchini Tanzania, mazungumzo huelekea upesi kwenye ubao, madaftari, nyimbo za herufi na sare, na mzazi anayelipa ada huuliza kwanza ni lini mtoto wake ataanza kuhesabu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, hata hivyo, sehemu kubwa ya saa anazokaa kituoni haipiti katika kufundishwa, bali katika kunawishwa, kubadilishwa winda, kulishwa, kuvalishwa, kubembelezwa na kulazwa, yaani katika kazi zile ambazo watu wazima huziona kuwa ni za kumalizwa haraka ili shughuli yenyewe ianze. Mhadhara huu unashikilia kwamba kazi hizo ndizo shughuli yenyewe, na kwamba ubora wa kituo chochote cha watoto wachanga, kiwe Kifungilo, Soni, Mlalo au Dar es Salaam, hupimwa hapo kabla ya kupimwa penginepo.

Malezi ya heshima, kama yanavyoeleweka hapa, ni namna ya kumhudumia mtoto ambaye bado hajui kusema huku akichukuliwa kuwa ni mtu anayeshiriki katika jambo analotendewa: huarifiwa kabla ya kuinuliwa, hungojewa aitikie, na hupewa nafasi ya kufanya kile kidogo anachokiweza mwenyewe. Tafsiri hii haina uhusiano na kudekeza. Mtoto anayeheshimiwa hukatazwa pia, ila hukatazwa na mtu anayemtazama usoni.

Milima ya Usambara ina historia yake katika jambo hili, na historia hiyo haianzii katika semina za miaka ya karibuni. Kifungilo, katika nyanda za juu karibu na mji wa Lushoto, inajulikana leo zaidi kwa shule yake ya sekondari ya wasichana, lakini katika enzi ya utawala wa Waingereza palikuwa na makao ya watoto yaliyoendeshwa na masista wa Kijerumani, ambamo walilelewa watoto chotara, wengi wao wakiwa wameachwa kati ya jamii mbili ambazo hakuna hata moja iliyowadai waziwazi. Maria Nhambu, aliyekulia katika makao hayo na baadaye kuhamia Marekani, ameyasimulia maisha yake katika kitabu Africa's Child kilichochapishwa mwaka 2016, na miongoni mwa mambo anayoyaeleza ni kwamba alijibunia rafiki wa kufikirika, aliyemwita Fat Mary, ili apate mtu wa kumweleza maumivu yake. Kitabu hicho hakitumiki hapa kama shitaka dhidi ya yeyote, kwa kuwa makao ya namna hiyo yalikuwa na watoto wengi na watu wazima wachache, na katika nyumba za aina hiyo, popote zilipokuwa duniani, ilikuwa desturi mtoto mkubwa kumsimamia mdogo. Kinachofaa kuzingatiwa ni ushahidi uliomo ndani ya kisa chenyewe, yaani kwamba mtoto anaweza kupata chakula, nguo, sala na elimu, na bado akakosa mtu mmoja wa kumsikiliza, hata ikambidi amtengeneze kwa mawazo.

Upande wa pili wa mji, huko Irente, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri limeendesha tangu miaka ya 1960 nyumba ya watoto inayopokea hasa wachanga waliofiwa na mama au ambao jamaa zao hawakuweza kuwatunza katika miezi ya mwanzo, kisha huwarejesha kwa ndugu wakishakua kidogo. Na nyumba hiyo imekuwa pia mahali pa kuwafunza wasichana kazi ya kulea. Utaratibu wa kuwarejesha watoto ni wa busara, kwa sababu unakiri kwamba makao ni daraja tu, na unaibua swali ambalo mhadhara huu utalirudia mwishoni, yaani swali la jinsi mtoto anavyokabidhiwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Swali la kwanza ni kama inawezekana kabisa kuwalea wachanga wengi mahali pamoja bila kuwadhuru. Mwaka 1951 daktari wa Uingereza John Bowlby, katika ripoti aliyoiandikia Shirika la Afya Duniani, alikusanya ushahidi kwamba watoto wadogo waliolelewa katika taasisi bila mtu maalumu wa kushikamana naye walidumaa katika hisia, lugha na hata mwili, ijapokuwa walikuwa safi na wameshiba. Wengi walihitimisha kwamba taasisi yoyote ni mbaya kwa asili yake. Jibu lenye mashiko zaidi lilikuwa limekwisha kuanza kujengwa Budapest, ambako daktari wa watoto Emmi Pikler alifungua mwaka 1946, katika mtaa wa Lóczy, makao ya wachanga walioachwa yatima na vita au ambao wazazi wao walikuwa wagonjwa. Makao hayo yaliendelea hadi mwaka 2011, na mawazo yake yalivuka bahari kupitia Magda Gerber, aliyewahi kushirikiana na Pikler na ambaye mwaka 1978 alishiriki kuanzisha huko Los Angeles taasisi ya kuwafunza wazazi na walezi.

Pikler alianza na hesabu iliyo wazi kwa kila aliyewahi kufanya kazi katika kituo: mlezi mwenye watoto wanane hawezi kumbeba kila mmoja siku nzima, wala hawezi kujifanya mama wa wote kwa wakati mmoja. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba zile dakika ambazo lazima amguse mtoto, kwa sababu ya winda, uji au kuoga, zinakuwa za mtoto huyo peke yake, bila haraka na bila kuzungumza na mwenzake juu ya kichwa chake. Mtoto aliyekwisha kushiba uangalizi katika dakika hizo huweza kukaa na michezo yake kwa utulivu wakati mlezi yuko na mwingine. Katika makao ya Lóczy watoto walihudumiwa kwa mfuatano uleule kila siku, hivyo kwamba hata mchanga wa miezi michache alijua baada ya nani zamu yake inafika, na kungoja kukawa kitu chenye mwisho unaojulikana. Kila mtoto alikuwa pia na mlezi wake wa karibu, aliyemfahamu zaidi na kuandika habari za makuzi yake.

Kubadilisha winda kunastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ni kazi inayorudiwa mara nyingi kwa siku na ambayo karibu kila kituo huifanya vibaya bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Namna ya kawaida inajulikana: mlezi hutokea nyuma ya mtoto anayecheza, humnyanyua kwa mkono mmoja, humlaza chali, humshika vifundo vyote viwili kwa pamoja na kumwinua miguu juu, humpangusa, humfunga, na kumrudisha chini, huku akiitikia salamu ya mtu aliyesimama mlangoni, kazi imekamilika chini ya dakika moja, na mtoto hakutazamwa hata mara moja. Namna ya heshima huanza mbele ya mtoto, kwa kuinama hadi macho yakutane, kwa maneno machache kama yale wanayoyatumia watu wa mkoa wa Tanga wanapozungumza na watoto wadogo, “Haya baba, twende tukabadilishe,” au kwa msichana, “Mama, nakuinua sasa,” na kwa mikono miwili inayotangulizwa wazi na kusubiri. Mtoto wa miezi minne hukaza shingo na mabega kuonyesha kuwa ameelewa. Wa miezi minane hunyoosha mikono. Wa mwaka mmoja na nusu hukataa kwanza, kisha hukubali akipewa nguo safi aishike. Kwenye godoro dogo la kubadilishia, mlezi huomba mguu badala ya kuuvuta, naye mtoto, baada ya wiki kadhaa za kuombwa, huutoa mwenyewe. Maji huwa yamepashwa moto, jambo ambalo mwezi Juni na Julai huko Lushoto halina mjadala, kwa sababu maji ya bomba katika miinuko hiyo huuma hata mikono ya mtu mzima. Utaratibu wote huchukua labda dakika tano. Mtu akisema dakika hizo hazipatikani, inafaa aulizwe zinakwenda wapi, maana katika vituo vingi huishia katika kuwanyamazisha watoto wanaolia kwa kukosa dakika hizohizo.

Kulisha kuna tatizo zito zaidi, kwa kuwa hapo haraka hujificha nyuma ya nia njema. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtoto anayekataa uji hulazwa mapajani, hukingiwa kiganja mdomoni, na uji humiminwa ili ameze apende asipende, na bibi anayefanya hivyo huamini kwa dhati kwamba anaokoa maisha. Imani hiyo haikutoka hewani: palipokuwa na njaa na surua, mtoto asiyekula alikufa. Hata hivyo uji unaomiminwa unaweza kuingia katika njia ya hewa, na mtoto anayelishwa kwa nguvu hujifunza kukiogopa chakula. Kumlisha kwa kuitikia dalili zake, ambako wataalamu wa lishe hukuita ulishaji wenye mwitikio, maana yake ni kumkalisha wima, kumwonyesha kijiko, kungoja afungue mdomo, kusimama anapogeuza uso na kujaribu tena baadaye. Na akishaweza kushika, kumpa kijiko chake mwenyewe hata kama nusu ya bakuli itaishia kwenye kifua cha sweta. Vyakula si haba Usambara, ambako ndizi, maharage, viazi, karoti, maziwa na parachichi hupatikana kwa majira, na upungufu unaoonekana mezani pa kituo mara nyingi ni wa mikono na muda kuliko wa mboga.

Hapa panafaa kujibiwa hoja ambayo msikilizaji makini atakuwa amekwisha kuiandaa, kwamba haya yote ni ya Kizungu, na kwamba Mwafrika alilea kwa mbeleko kabla ya Budapest kujengwa. Hoja hiyo ina ukweli mwingi, ila inahitaji kupimwa kwa ushahidi wa hapa hapa. Kati ya mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwafuatilia watoto wachanga 28 katika familia 26 za vijiji vya Buganda, na katika kitabu chake cha mwaka 1967 alionyesha kwamba mtoto hutumia mtu aliyeshikamana naye kama kituo cha usalama, akimwacha ili achunguze mazingira na kumrudia kila anapopata hofu. Nadharia ya mshikamano, inayofundishwa leo katika vyuo vya malezi duniani kote, ilipata ushahidi wake wa kwanza wa nyumbani karibu na Kampala, na kwa hiyo kuirudisha Lushoto si kuingiza bidhaa ngeni. Ainsworth aligundua jambo jingine ambalo halitajwi vya kutosha: wenye watoto waliotulia walikuwa pia wale akina mama walioweza kueleza kwa kirefu na kwa undani habari za watoto wao, yaani wanachopenda, wanavyolia na wanavyolala.

Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti miongoni mwa Wagusii wa Kenya katika miaka ya 1970 na kuuchapisha mwaka 1994, waliona kwamba mama wa Kigusii humjibu mchanga anayelia upesi sana, kwa kumbeba na kumnyonyesha, lakini huzungumza naye kidogo na mara nyingi huepuka kumtazama machoni kwa muda mrefu, kwa kuwa lengo la malezi hayo ni kumlinda na kumtuliza katika mazingira ambayo vifo vya wachanga vilikuwa vingi. Si kwamba Mgusii alikosa heshima kwa mtoto. Heshima yake ilipitia mgongoni. Sasa mtoto akitolewa katika mgongo huo na kupelekwa kituoni, ambako hakuna atakayembeba siku nzima, mlezi hana budi kulifidia joto la mwili kwa macho na maneno, la sivyo mtoto hupoteza cha nyumbani na hapati badala yake. Hiyo ndiyo sababu halisi ya kuzungumza na mtoto asiyejibu, na haihusiani na mitindo ya kigeni. Inafaa pia azungumzwe naye kwa lugha anayoijua: watoto wengi wa vijiji vya Lushoto husikia Kisambaa nyumbani, na mlezi anayeanza kwa Kisambaa kabla ya kupita kwenye Kiswahili humpunguzia mtoto ugeni mmoja kati ya mwingi aliokutana nao asubuhi hiyo.

Kuna mahali ambapo mila na Pikler hugongana waziwazi. Pikler alikataza kumweka mtoto katika mkao ambao hajaufikia kwa nguvu zake mwenyewe: mchanga alazwe chali, ajigeuze, atambae, akae na kusimama kwa wakati wake. Charles Super na Sara Harkness, waliokaa na Wakipsigi wa Kokwet nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikuta akina mama wakichimba shimo la kina kifupi, wakilitandika nguo na kumkalisha mtoto humo, na kumfundisha kutembea kwa makusudi; watoto hao walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani, ingawa hawakuwatangulia katika kutambaa wala kujigeuza, mambo ambayo hawakufundishwa. Katazo la Pikler, kwa hiyo, haliwezi kuchukuliwa kama amri ya maumbile, maana mtoto wa Kipsigi hakudhurika kwa kukalishwa. Lakini mama wa Kokwet alikuwa na mtoto mmoja mbele yake na alikuwa akicheza naye. Katika kituo, mto unaowekwa nyuma ya mgongo wa mchanga, au kiti kinachombana kiunoni, hutumika kumfanya asisogee ili mlezi ashughulikie wengine, na hapo katazo la Pikler linapata nguvu kamili. Kituo cha milimani kina ugumu wa ziada, kwa kuwa sakafu ya saruji ni ya baridi na mtoto aliyevishwa masweta matatu hawezi kujigeuza hata akitaka. Unaohitajika ni mkeka mnene juu ya mbao au sponji, soksi zisizoteleza, na madirisha yanayopitisha jua la asubuhi. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala kilichofungwa, hata siku ya ukungu, maana hewa yake ya sumu haina harufu na mtoto aliyelala hawezi kuikimbia.

Sheria na sera zimekwisha kusema mengi. Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Mchana ya mwaka 1981 ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayoweka maslahi ya mtoto mbele katika kila uamuzi unaomhusu. Na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imetaja malezi yenye mwitikio kama nguzo sawa na afya, lishe, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama likizo ya siku 84 na ruhusa ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwanamke anayelima kabichi kwenye mteremko, hata hivyo, hana mwajiri wa kumdai saa hizo mbili, na kituo kilicho mbali na shamba lake kwa mwendo wa saa nzima humwachisha mtoto ziwa mapema kuliko miaka miwili inayoshauriwa. Kwa mama huyo, kituo kidogo cha kitongojini, hata kikiwa katika banda lisilopakwa rangi, kina thamani kuliko jengo zuri la makao makuu ya wilaya. Jambo la fedha pia lisemwe wazi: malezi ya namna hii hayahitaji vifaa vya kuagizwa, lakini yanahitaji walezi wanaodumu, na mlezi hadumu kwa posho ya kukopwa. Msichana anayeondoka baada ya miezi mitatu kwa sababu hakulipwa huwaacha nyuma yake watoto waliokwisha kumzoea, na gharama hiyo haiandikwi katika daftari lolote la kituo.

Linabaki swali la kukabidhi. James Robertson, mwenzake Bowlby, alipiga mwaka 1952 filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini kwa siku nane bila mama yake, na yeye na Bowlby walieleza hatua tatu ambazo mtoto aliyetenganishwa hupitia: kulia kwa kupinga, kunyamaza kwa kukata tamaa, na hatimaye kujitenga, ambapo huonekana mchangamfu lakini hamjali tena anayerudi. Ile hatua ya pili ndiyo inayowadanganya wengi. Kituoni husemwa “ameshazoea” siku ya nne au ya tano, wakati mtoto ameacha kulia kwa sababu ameacha kutumaini, na dalili ya kutofautisha ni rahisi kwa anayeitafuta: mtoto aliyezoea kweli hucheza, hula na humkimbilia mlezi fulani anapoumia, ilhali aliyekata tamaa hukaa alipowekwa. Mama au bibi anayekaa naye kituoni kwa siku za mwanzo, akipunguza muda hatua kwa hatua, na kuaga waziwazi badala ya kutoroka mtoto akigeuka, huokoa sehemu kubwa ya maumivu hayo.

Kwa mtoto wa makao anayerejeshwa kwa ndugu akiwa na miaka miwili au mitatu, safari ni ya upande wa pili, na uzito wake huelekea kusahaulika kwa kuwa watu wazima huiona kuwa ni ya furaha. Shangazi au bibi anayekuja kumchukua ni mgeni kwake, na anayeachwa ndiye aliyemlisha tangu siku za kwanza. Utaratibu unaofaa humtaka ndugu huyo afike mapema na alale hapo siku kadhaa, amlishe na kumwogesha mbele ya mlezi, hadi mtoto akubali kwenda naye hadi bustanini na kurudi. Katika siku hizo mlezi humweleza kwa kirefu, kama wale akina mama wa Buganda walivyoweza kueleza: kwamba mtoto hulala ubavu wa kushoto, huogopa mbuzi lakini si mbwa, hukataa maziwa yakiwa na utando juu, huita maji kwa neno lake mwenyewe, na akiamka usiku hutulia akishikwa mguu. Mkaguzi wa ustawi wa jamii anayefika kituoni na daftari lake la vyoo na vitanda angefanya vyema kuongeza swali moja, kwa kumchagua mtoto yeyote aliye mkekani na kumwomba mlezi amweleze habari zake bila kusoma faili.